Salamu za Dakika Mbili

Watu hudhani mbunge akiangushwa hurudi shambani, akafuga kuku, akazeeka kimya. Labda wako wanaofanya hivyo. Wa kwetu sisi alikuja Minnesota. Aliangushwa kule Kenya mwaka 2013, na kabla theluji ya msimu uliofuata haijayeyuka alikuwa ameshatua kwa binti yake kule Champlin, na masanduku matatu ya suti na simu mbili, moja ya kupiga na moja ya kuwekwa mezani ionekane. Alisema amekuja kupumzika mwezi mmoja. Nimeishi hapa miaka mingi na nimeshaisikia sentensi hiyo kwa watu wengi. Sijamwona hata mmoja wao akiukumbuka mwezi huo ukishapita.

Alikuwa amelikalia jimbo letu vipindi viwili. Mimi mwenyewe nilimpigia kura mara ya kwanza, wiki chache tu kabla sijapanda ndege, kwa hiyo dhambi hii ninayo na mimi. Jumapili yake ya kwanza binti yake alikuwa kazini, akaniomba nimpitie Mheshimiwa nimpeleke kanisani. Nilifika, nikapiga honi. Akatoka na suti nyeusi na tai, kwenye baridi ya kukata masikio, akasimama kando ya mlango wa nyuma wa gari langu. Nilidhani kuna kitu amesahau ndani. Alikuwa ananingoja nishuke nimfungulie.

Nikashuka, nikamfungulia. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, aliniangalia asiseme neno, na hakusema neno hadi Jumanne.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia, na nilikuwa na haki. Kila kikao alikaa mbele, hata pale ambapo viti vilikuwa vimepangwa duara na mbele hakuna. Kila mazungumzo, yawe ya bei ya mafuta au ya mtoto aliyevunjika mkono, yaliishia bungeni. Shuleni tulifundishwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alitueleza kwamba hakushindwa, aliibiwa. Na kila akisimulia, kura zilizoibwa ziliongezeka. Kwa mwendo ule, kufikia Pasaka zingepita idadi ya watu wa jimbo zima, tukihesabu na mbuzi. Sisi tulitikisa vichwa na kumwongezea chai. Hapa hatuna jimbo wala bunge, lakini tulimwita Mheshimiwa, na watoto wetu, wasiojua hata jina la kijiji cha babu yao, walifundishwa kumwita hivyo pia.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Binti yake alikuwa na adabu kupita kiasi, kwa hiyo jembe lilichukua miezi minane. Tukasikia kwamba Mheshimiwa sasa ni mshauri wa masuala ya afya. Tulimpongeza. Mimi wakati huo nilikuwa muuguzi wa kampuni yenye nyumba kadhaa za kutunzia wazee, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka nikikagua dawa. Asubuhi moja nikaingia nyumba ya Fridley, na jikoni nikamkuta mshauri wa masuala ya afya, amevaa sare ya bluu ya watunzaji, anamlisha mzee wa Kizungu uji kwa kijiko. Alikuwa akifanya vizuri, polepole, akimfuta kidevu, na hilo liliniudhi zaidi. Aliponiona kijiko kilisimama hewani.

"Ndugu yangu," akaniambia, "haya yabaki kati yetu."

Yalibaki. Sikumdharau kwa kumlisha mzee uji. Nimelisha na kuosha wazee wa watu miaka kumi na miwili, na wanangu wamesoma kwa mikono hiyo hiyo. Nilimdharau kwa sababu kazi yangu, niliyoitaja bila haya mbele ya mchungaji na mbele ya wakwe, kwake ilikuwa siri. Jumapili iliyofuata alisimama tena kando ya mlango wa nyuma, nami nikashuka tena nikafungua.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilifiwa na rafiki yangu. Tulikaa jengo moja kule New Hope, yeye ghorofa ya chini, mimi ya juu. Alifanya kazi kiwandani Fridley, moyo wake ukasimama akiwa zamu. Aliacha mke na binti mmoja wa miaka kumi na sita. Mwili ulikuwa unasafirishwa nyumbani ukazikwe kwao. Mama angeusindikiza. Binti asingeweza, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa bado uhamiaji, na akitoka asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo kaburi la baba yake asingeliona. Kumuaga kwake kungekuwa kanisani hapa New Hope, mbele ya jeneza lililo wazi, siku ile moja, basi.

Mtoto huyu alikuwa kama watoto wetu wote. Unamwambia kwa Kiswahili, anaelewa, anakujibu kwa Kiingereza. Marehemu alikuwa akimtania kwamba atakufa kabla hajamsikia akisema hata "nipe chumvi". Siku mbili baada ya msiba alipanda kwangu na karatasi. Alikuwa ameandika maneno ya kumuaga baba yake, kwa Kiswahili, na alitaka nimsikilize jinsi anavyoyatamka. Tulikaa mezani kwangu alasiri nne. Karatasi ilianza hivi: Baba, nilikuwa nasikia kila neno.

Hakutaka nimsahihishe maneno, matamshi tu, na alirudia sentensi ile ya kwanza hadi mke wangu akatoka sebuleni akaenda kulia chumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mfawidhi wa ibada. Huwa mimi kila mara, harusi na matanga, kwa sababu nina sauti na sijui kukataa. Nikamwambia atakuwa wa mwisho kabla jeneza halijafunikwa, na kwamba nimemtengea dakika tatu, ni zake, hakuna atakayezigusa.

Siku ya ibada nilianza na hesabu ya saa mkononi. Mzungu wa kampuni ya mazishi alinieleza mlangoni kwamba saa nane kamili jeneza linatoka, maana uwanja wa ndege wana saa yao ya kupokea na haingoji mtu. Jengo lenyewe tulilikodi, na saa nane hiyo hiyo ilikuwa zamu ya Wakongomani. Tulichelewa kuanza, kama kawaida yetu. Lakini niliwabana wasemaji mmoja mmoja, na ilipofika saa saba na nusu nilikuwa nimebaki na mtoto tu. Nilimwangalia. Alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi.

Ndipo kikaratasi kikanifikia kutoka benchi la mbele, kikipita mkono kwa mkono. Kiliandikwa: Salamu, dakika mbili.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa kikaratasi kile. Kwetu matanga hayajakamilika kiongozi asiposalimia watu. Ukimruka, wazee watasema umeidharau familia, na huko nyumbani watahesabu ni nani alisimama akamsemea marehemu. Hata akiwa ameangushwa. Hata akiwa jana yake alikuwa anabadilisha shuka za wazee Fridley. Nilijua hayo yote, na nilijua pia mtu yule ni nani. Nikasikia sauti yangu inasema kabla ya mtoto tumpe Mheshimiwa dakika mbili atusalimie. Kipaza sauti kilikuwa kimeshanitoka mkononi. Nilimpungia mtoto akae, naye akakaa.

Alianza kwa kusema hakuja kufanya siasa. Mtu akianza hivyo vua koti. Aliwasalimu wachungaji kwa majina yao. Akawaomba waliotoka jimboni wasimame, wakasimama, akawaomba waketi. Akaeleza barabara aliyoijenga, iliyopita karibu na nyumbani kwa marehemu, ambayo sisi wote tunajua iliishia sokoni. Akafika kwenye kura. Nilimwonyesha saa. Akasema mfawidhi ananiangalia vibaya, namalizia, na watu wakacheka. Alisema namalizia mara tatu. Mara ya tatu alitangaza kwamba mwaka ujao anarudi nyumbani kugombea, na kuna watu walipiga makofi, huku mtu wetu amelala pale mbele, uso wazi. Nasema kuna watu. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nikawaona wote, na ninawajua.

Mzee mmoja wa Kikongomani akaja hadi nilipo, kofia mkononi, akaninong'oneza. "Pardon, papa. Siye tuko na culte saa munane." Ibada yao ilikuwa imefika. Nyuma yake korido ilikuwa imejaa wanawake wa kitenge na watoto waliobeba ngoma, wamenyamaza kwa heshima ya maiti wasiyemjua. Nikatazama ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Watu wa kampuni ya mazishi hawakungoja ruhusa yangu. Walikuja wawili, wakafunika jeneza, wakalisukuma kwenye magurudumu yake, na Mheshimiwa akaona ni vyema aongoze msafara, akatangulia, kifua mbele. Mtoto alisimama walipompita. Karatasi aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, akashika mkono wa mama yake. Nje nilimfuata, nikamwambia pole, nikamwambia muda ulitukimbia. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna shida.

Kuanzia siku ile nilimsimanga mtu yule katika kila jiko la Kikenya lililokuwa na chai. Sikuwa na haja ya kutia chumvi. Nilieleza kisa kama kilivyokuwa, dakika thelathini na tano za mtu aliyekataliwa na watu wake mwenyewe, na waliosikiliza walitikisa vichwa, wakiwemo waliopiga makofi. Siri ya uji nayo niliitoa. Sioni fahari kwa hilo, ila kusema kweli niliona raha.

Mwaka 2017 alienda kugombea kweli. Hakufika hata kwenye kura yenyewe, alichujwa na chama chake katika mchujo wa mwanzo. Alirudi Champlin msimu wa baridi na sanduku moja. Sasa alikuwa na simu moja, na alikaa mbele vile vile. Mimi niliacha kumpitia Jumapili. Nilisikia anachukuliwa na kijana mwingine mgeni hapa, na kwamba kijana hushuka akamfungulia.

Juni ya mwaka 2018 binti wa marehemu alimaliza sekondari. Mama yake alikodi ukumbi mdogo wa bustani kule Champlin, karibu na mto, akapika pilau yeye mwenyewe, akaniomba niwe mfawidhi. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Sikujua nani amemwalika Mheshimiwa. Watu kama yule hawaalikwi, hufika. Alikuja na suti ile ile nyeusi, mabega yakiwa yamelegea kidogo, akaketi meza ya kwanza.

Kikaratasi kilikuja kabla ya chakula. Nilikisoma, nikakikunja, nikakiweka chini ya glasi yangu nikiwa namtazama usoni ili aone. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Miaka miwili nilikuwa naingoja siku hiyo. Nikamfuata binti kwenye meza ya chakula, alikokuwa anapanga sahani na joho lake bado mwilini, nikamwinamia nimpe zawadi yangu. Nilimwambia leo yule hapewi. Yule aliyekunyima kumuaga baba yako, nikamwambia, leo atakula pilau kama watu wengine, na kipaza sauti ataendelea kukitazama kwa macho.

Nilidhani atacheka, au atanishukuru kwa Kiingereza. Aliendelea kupanga sahani hadi zikaisha.

"Anko," akasema, na ilikuwa kwa Kiswahili, kile kile cha mezani kwangu, kila silabi mahali pake. "Yeye aliomba tu. Wewe ndiye uliyempa."

Hakupandisha sauti. Alichukua sahani ya juu, akapakua pilau, akaongeza nyama na kachumbari, akampelekea Mheshimiwa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani kumpa mtu mzima. Sikuwahi kuisikia karatasi ile ikisomwa hadi mwisho mbele ya aliyeandikiwa, na hakuna atakayeisikia. Watu walikuwa wamegeuka kunitazama, wakingoja niseme kinachofuata, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.