Siku Niliyogeuza Makubadhi

Nta ya nyuki ikipata moto hutoa harufu tamu, nzito, na hadi leo nikiisikia sokoni nabadili njia. Baba yangu alikuwa fundi makubadhi hapa Tabora. Ngozi aliletewa na wafugaji wa Choma, nta ilitoka Usinge, naye akaisugulia uzi wake kutwa nzima kwenye baraza ya nyumba yetu, kando ya barabara ya zamani ya misafara. Alipenda kusema kwamba ukoo wetu unakula kwa miguu ya watu tangu enzi za wapagazi, nasi tulicheka kila mara, ingawa utani wenyewe tuliujua kwa moyo. Alikuwa mtu wa nyumbani kwelikweli. Alimchotea mama maji mchana kweupe, jambo lililowapa majirani cha kusema, na hakugusa chakula mpaka mama amekaa. Katika siku nzima kulikuwa na kipindi kimoja tu ambacho hakikuwa chetu.

Baada ya sala ya alasiri alikwenda zawiyani, chumba kirefu cha udongo nyuma ya msikiti, ambako wanaume kama ishirini walikaa kwenye mikeka wamefumba macho, wakimtaja Mungu moyoni bila sauti hadi magharibi inakaribia. Pale hapakupigwa hodi. Hata kukohoa kulionekana utovu wa adabu. Mtu akihitajiwa kwao, mjumbe alikwenda kimya, akayatafuta makubadhi yake mlangoni, akayageuza yatazame barabarani. Mwenyewe akitoka na kuyakuta hivyo, alijua anaitwa, akaondoka bila kungoja kahawa. Sisi watoto tulifundishwa desturi hiyo kabla ya kujua kusoma. Mimi niliijua kuliko wenzangu wote, na nilijivunia.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa, na mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikwisha kupoteza mbili baada yangu, kwa hiyo ile ilibebwa na nyumba nzima. Baba alikuwa ameshona viatu vidogo vya ngozi laini na kuvitundika ukutani. Alasiri moja mtaa wote ulikuwa umehamia kwenye arusi ng'ambo ya reli, tumebaki mimi na mama. Aliniita uani. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, khanga imelowa damu. Alisema polepole ili nisikie kila neno: "Kamwite baba yako. Leo usigeuze viatu. Ingia ndani, umguse bega."

Nilikimbia. Kufika mlangoni nikasimama. Ndani palikuwa kimya, kimya cha watu wazima, nami binti mwenye vumbi magotini. Sitaki kujitetea hapa: sikusahau nilichoagizwa. Niliona haya tu. Niliyageuza makubadhi ya baba, nikayapanga vizuri, nikarudi. Mama akauliza, "Umemwita?" Nikasema nimemwita. "Amesikia?" Nikasema amesikia. Akamshukuru Mungu, akakaa chini kumngoja.

Kila kishindo cha miguu kilipopita barabarani mama alisema, "Huyo." Hakuwa yeye. Adhana ya magharibi ilitukuta hapo hapo. Watu walipoanza kurejea kutoka arusini ndio wakampakia kwenye mkokoteni na kumkimbiza hospitali. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa amekufa, na mama akaambiwa hatazaa tena. Baba aliingia wodini akihema, mfukoni ana kipande cha halua alichotuwekea kutoka kwenye kahawa. Mama hakulia. Alimtazama, akasema, "Uliitwa, ukakaa." Baba akanigeukia. Mimi nikatazama sakafu. Baba akajibu, "Niliitwa. Nilichelewa."

Njiani kurudi aliniuliza swali moja: "Uliyageuza?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza kwamba siku ile alikuja mgeni kutoka Usinge, akachelewa kuingia, na kwao heshima ni kuwageuzia wenzako viatu ili wakitoka wasihangaike. Akavigeuza vyote. Baba alipotoka alikuta jozi ishirini zikitazama barabarani, akamsifu mgeni kwa adabu, akaketi kunywa naye kahawa. "Basi," akasema, "hili liishie hapa." Likaishia kwangu. Afadhali angenichapa.

Mama aliendelea kumpikia na kumfulia, ila hakumtuma mtu kumwita tena, iwe chakula kimeiva au mgeni amefika. Hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Na baba alihama mahali pake zawiyani, akakaa mlangoni kabisa, aweze kuona viatu vyake. Alipofariki mwaka jana, wenzake walisimama mmoja mmoja kumsifu: mtu wa familia, mtu wa subira, mnyenyekevu aliyechagua kukaa mlangoni hata alipokuwa mkubwa wao wote. Nilikuwa upande wa wanawake, nikitafuna ncha ya mtandio nisipige kelele. Kumkasirikia marehemu si adabu, lakini hasira ninayo. Alinibebea kosa langu bila kuniuliza kama nataka kubebewa, akaniacha nikue nalo kinywani.

Siku ya arobaini nilimweleza mama yote. Hakunikatiza. Akauliza, "Naye alijua?" Nikasema alijua. Akakiweka chini kikombe chake cha kahawa. "Mngeniambia," akasema, "hata mmoja wenu."

Siku hizi zawiya ina bati jipya na tangazo la kuwaomba watu wazime simu. Mlangoni kumejaa ndala za plastiki zimelala hovyo, na hakuna anayejua tena maana ya kiatu kilichogeuzwa. Mimi naishi mtaa wa pili kutoka kwa mama, na simu haitoki mkononi mwangu. Mwezi uliopita alianguka bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi mpangaji wake aliporudi jioni. Simu niliyomnunulia ilikuwa shingoni mwake, ina chaji, na namba yangu ni ya kwanza. Nilipofika nilimuuliza, "Mama, mbona hukuniita?"

Akajifunika khanga yake vizuri, bila kunitazama.

"Niliwahi kuita," akasema.