Mama na Kitabu cha Watu Wanaohama

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mvua ya masika ilianza alfajiri ikakatika saa nne, kisha likatoka jua la kuchoma, na matope ya njia ya kambi yetu ya mkonge yakaanza kutoa mvuke.

Naandika yaliyotokea leo shuleni, na sina hakika kama nitayaandika sawasawa, maana darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Nitajitahidi nisimwonee mtu, hasa mwalimu.

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho, yuko darasa la tatu, aliazima shuleni kitabu cha picha. Ni habari za mtoto anayekimbia vita na wazazi wake. Maneno machache, picha kubwa. Kwenye ukurasa mmoja wanavuka mto, baba kajitwika mkeka, mtoto kakumbatia kuku. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa kizingitini anachambua tembele, akaomba akione. Akautazama ukurasa ule mpaka nikadhani amesinzia.

"Kuku gani huyu anatulia hivi?" akasema. "Wetu alipiga kelele tumejificha kwenye matete. Baba akamnyonga."

"Mkamla, bibi?"

"Moto tungewasha wapi, mjukuu wangu? Tulimwacha pale pale."

Nina miaka arobaini na mitano, na habari hiyo sijawahi kuisikia. Sisi tunajulikana kuwa Waha wa Kasulu, upande huu wa mpaka. Ndivyo marehemu baba alivyojiandikisha alipokuja kukata mkonge, na kambini hapa hatuchimbani. Wengi wametoka huko huko upande wa Urundi, na kila mmoja ana Kasulu yake. Lakini siku ile nilitamani nijue. Mto ule unaitwaje, bibi yangu alizikwa wapi, kwetu hasa ni wapi. Mama amezeeka, na akiondoka anaondoka nayo. Nikasema nisimharakishe, ataendelea mwenyewe.

Binti akaenda kusimulia darasani. Mwalimu wake, kijana mpole, akanituma nimwalike bibi aje awasimulie watoto. Nami nikafurahi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia mama hivi: "Mwalimu anakuita shuleni Jumanne, anataka umweleze ulikotoka."

Akauliza, "Atakuwa peke yake?"

"Labda na mwalimu mkuu."

Akainama akaendelea na kazi yake. Nilidhani anaona haya.

Leo alivaa gauni lake la kanisani, akabeba mfuko wa plastiki kwapani. Watoto wakasimama, wakamwamkia, akaitika marahaba. Mwalimu akampa kiti, akafungua kitabu penye ule mto.

"Karibu sana, bibi. Tuambie, wewe ulitoka wapi?"

Mama hakukaa. Alifungua mfuko akapanga mezani vipande vya marehemu baba, zile kadi za shambani walizokuwa wakitiwa alama kila siku ya kazi, mende wamezila pembeni. Akaweka cheti chake cha ndoa. Akaweka cheti changu cha ubatizo.

"Mume wangu alikata mkonge hapa mpaka mgongo ukakataa," akasema. "Huyu mwanangu kazaliwa hapa. Mimi Muha wa Kasulu."

Mwalimu akababaika. "Hapana, bibi, siyo hivyo. Ni ile hadithi tu, ya kuku."

"Kuku nilimdanganya mtoto. Sisi wazee tunasema mengi."

Watoto wakacheka. Mmoja akamwambia binti yangu, "Kumbe bibi yako fiksi," na binti yangu akainamisha kichwa juu ya dawati. Mwalimu alizikusanya zile karatasi kwa mikono miwili, akazifuatanisha kama mama alivyozipanga, akamwomba radhi mbele ya darasa zima. Hilo lazima niliandike. Yeye alimwita kwa heshima. Maneno ya kumtisha yalikuwa yangu.

Njiani nikamwambia, "Mama, yule si mtu wa uhamiaji."

"Mwalimu kaajiriwa na nani?"

Ni serikali. Nikamwomba msamaha, nikasema nilitaka tu kujua kwetu.

"Ulitaka kujua, ukaniuliza mbele za watu," akasema. "Sasa usiniulize tena."

Si mimi niliyeuliza, aliyeuliza ni mwalimu. Lakini aliyempeleka pale ni mimi, kwa hiyo nadhani amesema haki. Nikaitikia, "Sawa, mama." Amenisikia nikiitikia, na mimi si mtu wa kumgeuka. Jina la mto ule sitalijua.

Jioni tulikula bada ya muhogo kwa tembele na dagaa wa kukaanga. Binti aliuliza kama ataruhusiwa tena kuazima vitabu, mama akamwambia ale kwanza. Yeye mwenyewe alikula akamaliza. Mimi sikujua nianzishe mazungumzo gani, nikaomba chumvi.