Kuku Ishirini na Watatu, Vitanda Kumi na Vinane

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya kuazima, vikubwa kunizidi, nikaanguka mbele ya wanafunzi wote kabla sijapuliza filimbi hata mara moja. Wasichana walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Ndivyo nilivyoanza kazi ya ualimu wa jimu, yaani mazoezi ya mwili, katika shule moja ya sekondari ya wasichana hapa Kasongo, na timu ya mpira ikawa mikononi mwangu mpaka nilipostaafu.

Mkuu wa shule kwetu tunamwita Prefe. Yule wa kwanza niliyemkuta alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito. Alisubiri nijipanguse vumbi, akanipeleka bwenini, akanionyesha safu ya vitanda kando ya madirisha.

"Madamu Feza, unaona hivi vitanda? Iko kumi na munane. Ni ya watoto wapya wa timu; mwaka wa pili wanahamia kwa wakubwa. Wanasoma bure, wanakula bure, wazazi wa komite ndio wanawalisha. Kitanda moja, mutoto moja. Usimuahidi mutu kitanda yenye hauoni."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama Prefe," kama mtu anayeitikia salamu.

Nusu ya kazi yangu ilikuwa barabarani. Likizo kubwa ikifika nilipanda baiskeli, na miaka ya baadaye pikipiki, nikaenda Lusangi, Kabambare, hadi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, kuangalia wasichana wakicheza. Sikujali sana nani anafunga mabao. Nilitazama msichana anafanya nini akinyang'anywa mpira. Akisimama na kushika kiuno, nilifunga daftari langu. Akimfukuza aliyemnyang'anya mpaka ampate, nilimuuliza mtu wa karibu kwao ni wapi.

Hapo kazi ngumu ndiyo ilianza, ya kukaa na wazazi. Baba anauliza, mama anauliza, shangazi ambaye hakuhusika kabisa anauliza kuliko wote. Salamabila, ambako watu wametoka kila upande wa mashariki, Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, kila mzazi alitaka kwanza kujua binti yake atasali wapi. Nikawa najua nyakati za sala zote za Kasongo, za msikiti na za kanisa, kuliko mashehe na mapadri wenyewe.

Wakikubali, wananipa kuku. Mgeni kwetu hupewa kuku, hilo halina mjadala. Lakini yule Mama Prefe alikataza kuwala. Kila kuku alifungwa kamba ya rangi mguuni, akaletwa mzima shuleni, akafugwa nyuma ya jiko mpaka msichana wake amalize mwaka wa kwanza. Ndipo tunamchinja, msichana anakula mnofu mzuri, sisi wengine mchuzi. Kuku wakaitwa kwa majina ya wasichana. Ungesikia mpishi wetu, Mama Sofi, akipiga kelele jikoni: "Fungeni mulango, Riziki ameingia ndani ya unga!"

Ilikuwa furaha tupu. Miaka mingi vitanda na kuku vililingana.

Kisha Mama Prefe akahamishwa, akaja Prefe wa pili, mwanaume mrefu, mcheshi, mpenda kombe. Nilimpenda, niseme ukweli. Alikuja mazoezini na tai shingoni akapiga penalti na viatu vya ofisi. Kabla ya likizo alinikalisha ofisini.

"Madamu, mwaka huu usiandike kumi na munane. Andika makumi mbili na tatu."

"Prefe, vitanda je?"

"Wote hawatakuja. Wengine wataolewa. Wengine wazazi watabadilisha roho. Wengine watafuata dahabu. Wenye watabaki watatosha tu. Na kama watazidi, tutachagua wazuri."

Laiti ningeweza kusema nilibisha. Sikubisha. Mimi pia nililitaka lile kombe, na niliona utamu wa kuwa na wachezaji wa kuchagua. Nikazunguka Kabambare nzima nikiwaambia wazazi ishirini na watatu maneno yale yale: binti yako ana nafasi, atasoma bure. Binti wa mwisho alikuwa kipa mmoja wa Lusangi, Zaina, mrefu, mikono kama matawi. Baba yake alikuwa mkulima wa maneno machache. Aliniambia shule ya karibu na kwao imempa binti yake nafasi, na orodha inafungwa wiki ile.

"Nikuamini wewe, ao niwaamini wao?"

"Niamini mimi," nikasema. Akatuma ujumbe kule kwamba Zaina haendi, akanipa kuku mweupe.

Mwezi wa tisa wakaja wote. Wote! Hakuna aliyeolewa, hakuna aliyefuata dhahabu. Mama Sofi alisimama mlangoni mwa jiko, kiganja shavuni.

"Madamu, kuku iko makumi mbili na tatu. Vitanda iko ngapi?"

"Unajua, Mama Sofi."

"Mimi ninajua. Ninauliza kama wewe unajua."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Watano walitandikiwa mikeka sakafuni, na Zaina mmoja wao, akiwa na furaha ya mtu asiyejua kitu.

Prefe akaniita. Komite, alisema, inalisha wapya kumi na wanane tu, haiongezi. Nichague watano warudi nyumbani. "Tutasema wako na magoti mabaya. Muganga wa shule ataandika karatasi. Hakuna mutu atakasirika juu ya goti."

"Magoti yao ni mazima, Prefe. Nimewakimbiza mimi mwenyewe."

"Ao waambie wangoje mwaka kesho."

"Na Zaina? Ile shule ingine imefunga orodha. Atakaa nyumbani mwaka muzima, na akikaa mwaka muzima hatarudi. Unajua namna inakuwaga na wasichana."

Akachezea kalamu. Nikamwambia: sawa, wakirudi, wanarudi na kuku wao. Mimi nitabeba kikapu, lakini wewe, Prefe, ndiye utamkabidhi kila baba kuku wake mkononi na kumwambia sababu. Tuanze Lusangi. Nilitumaini ataona haya. Yeye akakubali upesi, akidhani ni kazi ndogo.

Tukaondoka alfajiri, Prefe akiendesha pikipiki ya shule, mimi nyuma na kikapu chenye kuku watano wakilalamika njia nzima. Mchana tukaingia Lusangi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba Zaina alikuwa anashona mkeka nje ya nyumba. Alinitazama mimi, akamtazama Prefe, akamtazama yule kuku mweupe mkononi mwa Prefe.

Prefe akakohoa. "Papa Zaina, tumekuja juu ya..."

"Majirani!" Yule mtu wa maneno machache aliinuka akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo. "Majirani, mukuje! Prefe mwenyewe ametoka Kasongo kunishukuru juu ya mutoto! Ameleta na kuku!"

Watu wakajaa uani kufumba na kufumbua. Wanawake wakapiga vigelegele. Kiti kikaletwa, maji yakaletwa, na nyuma ya nyumba nikasikia kuku mwingine akipiga kelele zake za mwisho. Prefe alifungua kinywa mara mbili, na mara mbili mtu akamshika mkono kumpa pongezi. Tukala kuku na fufu, ugali wetu wa muhogo. Kisha Baba Zaina akasimama.

"Prefe, waambie hawa watu. Mutoto wangu iko kwako namna gani?"

Prefe alinitazama. Mimi nikatazama sahani yangu, mfupa ulikuwa umenivutia ghafla.

"Zaina," Prefe akasema, na jasho likimtoka, "ni mutoto wangu."

Vigelegele tena. Tulirudi kesho yake asubuhi na kuku mweupe kikapuni, na mwingine tuliyeongezewa. Kwa wale wengine wanne hatukufika. Tulipokaribia Kasongo Prefe akaanza kucheka, akacheka mpaka akasimamisha pikipiki. "Madamu Feza, umenimaliza," akasema. Nikakubali sifa ile bila kuona haya.

Wasichana watano walihamia sebuleni kwa Prefe, wakalala pale na kula pale mwaka mzima, chini ya amri ya mke wake, ambaye hakuulizwa na ambaye alimkumbusha mumewe jambo hilo kila siku. Mwaka uliofuata orodha ikarudi kumi na wanane, na Prefe mwenyewe ndiye aliyekuja kuhesabu vitanda.

Na Zaina? Mechi ya kwanza alifungwa sita. Prefe alishika kichwa kwa mikono miwili. Kombe hatukulipata mwaka ule wala mwaka uliofuata. Zaina akabaki, akafungwa mengine mengi, akapata diploma yake. Ahadi tuliyompa baba yake ilikuwa ya kusoma, haikutaja kudaka.

Nyinyi vijana mnaofundisha timu leo mnaahidi kwa simu, wachezaji thelathini kwa asubuhi moja, na simu haiwiki nyuma ya jiko. Nawaonea huruma. Fugeni kitu chochote kitakachowapigia kelele.

Mwaka niliostaafu goti langu lilikuwa limekwisha. Nikaenda kwa mganga wa zahanati anipe karatasi, nikambebea kuku, maana mganga huyo ni Zaina. Alinikalisha, akalikunja goti, akalikunjua, akaandika. Kisha akamwona kuku na kamba yake mguuni.

"Madamu, umekuja kunirudisha kwetu?"

Nikashtuka. Nilikuwa sijawahi kumwambia. "Nani alikuambia?"

"Papa. Alijua tangu aone kuku yake mukononi mwa Prefe. Alimuambia Mama kwa macho tu: chinja ile ingine mbio. Halafu akaita majirani kabla Prefe hajamaliza neno."

Miaka yote hiyo nilijiona mimi ndiye mjanja wa Lusangi. Nilicheka mpaka machozi, Zaina akacheka, wagonjwa kwenye benchi wakaanza kucheka bila kujua sababu. Akanipa karatasi yangu.

"Hii goti," akasema, "ni mbaya kweli."