Dizeli, Petroli na Mwalimu Mbwambo

Enzi zetu, na wewe uliyesoma mkoani Mara miaka ile ya foleni za sukari na sabuni utanielewa, sekondari haikuwa mahali pa kukaa na kalamu tu. Mwanafunzi alikuwa anaripoti shuleni na jembe, panga na ndoo, na asiye na jembe alirudishwa nyumbani kabla hata hajaulizwa jina. Tulikula ugali wa unga wa njano ulionuka gunia, kwa furu wadogo wenye miiba, samaki ambao ukipiga soga huku unawala, shauri yako. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Viatu vyetu vilikatwa kwenye matairi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuchelewa darasani kimyakimya. Somo la Kilimo tulilisoma kwa mwili mzima. Ukifeli hukufeli kwenye karatasi, ulifeli kwenye sahani, maana tulichovuna ndicho tulichokula.

Shule yetu ilikuwa huko kwenye vilima vya upande wa Butiama, na ilikuwa na trekta. Niseme vizuri: ilikuwa na kitu kilichowahi kuwa trekta. Dizeli haikupatikana, vipuri havikupatikana, na kuku wa mpishi alikuwa anatagia kwenye kiti cha dereva. Mwaka niliokuwa kidato cha pili, mvua zikiwa mlangoni na shamba halijaguswa, mkuu wa shule aliazima ng'ombe wawili wa kulimia kwa Mzee Masatu wa Suguti, ambaye mjukuu wake alisoma kwetu. Kabla jua halijazama tulishawabatiza. Mwekundu akawa Dizeli, mweusi akawa Petroli.

Aliyekabidhiwa ng'ombe hao alikuwa Mwalimu Mbwambo, mwalimu wetu wa Kilimo, kijana wa Upare, msafi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Kwao milimani walilima kwa jembe la mkono. Alijua kila kitu kuhusu plau, isipokuwa plau yenyewe.

"Mwalimu," alisema Magesa, mchekeshaji wa darasa letu, "hawa ng'ombe hawajuagi Kiswahili."

"Magesa, mnyama hana lugha. Mnyama anafuata mamlaka."

Akashika mikono ya plau. "Twende!" Kimya. Akajaribu Kiingereza. Petroli akajikojolea taratibu. Mwalimu akamchapa fimbo ya mgongo, na hapo mamlaka yakahama. Ng'ombe walitoka mbio na plau, na mwalimu nyuma yao, wakapita kwenye kamba ya nguo za bweni la wasichana, wakazunguka lambo, wakaingia katikati ya mchicha wa mke wa mkuu wa shule. "Simameni! Jamani, simameni!" Mwalimu hakuachia plau. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au alisahau kwamba vidole hufunguka.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha akaanguka, mguu wake ukanasa kwenye mnyororo, na kicheko kikakatika.

Mimi ni mtoto wa Suguti. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo tangu nina miaka saba nilikuwaga naongoza ng'ombe wake. Neno la kuwasimamisha lilikuwa mdomoni mwangu tangu mwanzo, ila nililimeza, kwa sababu shuleni kuongea kilugha lilikuwa kosa. Aliyekamatwa alivishwa shingoni kibao kilichoandikwa "Mimi ni mjinga" na kutembea nacho wiki nzima. Lakini nilipoona mguu wa mwalimu unaburutwa, nikasahau kibao. Nikapiga kelele kwa Kijita, lugha yetu ya Suguti, neno moja tu. Dizeli na Petroli wakasimama palepale, wakaanza kula mchicha uliobaki.

Tulimnasua mwalimu akiwa na michubuko na soksi moja. Nikiwa bado nahema, monita akanijia na kibao.

"Amemwokoa mwalimu!" Magesa alilalamika.

"Sheria ni sheria," akasema mkuu wa shule.

Nilivaa kibao kile siku saba. Nililala na hasira, nikaamka nayo.

Mkuu hakuwa mpumbavu, lakini. Mvua haingoji. Aliniruhusu nimfundishe mwalimu maneno manne ya Kijita, nyuma ya stoo, ili wengine wasiambukizwe. Magesa akajitolea kuwa msaidizi. Neno la kusimama, la kulia na la kushoto nilimfundisha kwa haki, sikutaka afe. Lile la kuondoka ndilo tulilolipizia kisasi. Magesa alilipendekeza, nami, kibao kikiwa shingoni, nikakubali. Tulimfundisha mwalimu aseme kwa Kijita, kwa sauti ya juu na kwa heshima zote: "Mama mkwe, naomba ugali."

Kwetu mama mkwe hata kumtazama usoni hutazami. Kumwomba chakula, tena kwa kelele, ni aibu ya kuhamia wilaya nyingine.

Siku mbili za kwanza, kila mwalimu alipoomba ugali, Magesa alikuwa nyuma anawagusa ng'ombe kwa fimbo. Siku ya tatu hakukuwa na haja. Mwalimu aliita, ng'ombe wakaenda. Wanawake wachache wa kwetu walioolewa vijiji vya jirani na shule walipita na ndoo za maji wakamjibu kwa Kijita hichohicho, "Maliza kulima kwanza, mkwe!" na yeye, akidhani wanampongeza, akawavulia kofia. Tulilima shamba lote, mahindi yakaingia ardhini kabla ya mvua, na ng'ombe wakarudi Suguti.

Wiki mbili baadaye Mzee Masatu alitokea shuleni na baiskeli, jasho linamtoka. Niliitwa ofisini. Mwalimu Mbwambo alikuwepo.

"Mkuu, ng'ombe wangu mmewafanya nini?" alisema mzee. "Nikiwaambia waende wananiangaliaga tu. Juzi mjukuu wangu akaja, akasema maneno ya hapa shuleni, wakaondoka mbio. Sasa mimi, mzee mzima, kila asubuhi nasimama shambani naomba ugali kwa mama mkwe. Na mama mkwe mwenyewe nyumba yake iko palepale. Ananisikia!"

Mwalimu Mbwambo akanigeukia. "Nyanjiga. Muda wote ule nilikuwa nasema nini?"

Nikamwambia. Nilijua nafukuzwa shule, na machozi yalishaanza. Akainama, akavuta soksi zake juu.

"Na mbele ya wale kina mama nikavua kofia?"

"Ulivua, mwalimu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Aliyecheka kwanza alikuwa yeye, kisha mzee, na mwisho mkuu wa shule, ambaye alijifanya anakohoa. Adhabu ilibaki adhabu: likizo nzima, mimi na Magesa tuwafundishe ng'ombe upya na kumlimia mzee shamba lake. Mwalimu Mbwambo alikuja nasi kwa hiari yake, na daftari, akauliza kila neno mara mbili, kwa watu wawili tofauti. Mama yangu alinipokea kwa sentensi moja: "Nimekupeleka sekondari ukawafundishe ng'ombe kuomba ugali?" Muhula uliofuata kibao kile hakikuonekana tena. Mpishi, alipoulizwa kama kiliingia kwenye kuni zake, alisema hajui chochote.

Siku hizi naishi Nyasura, hapa Bunda. Binti yangu wa mwisho yuko kidato cha pili, na juzi alileta kazi ya Kilimo: chora plau ya kukokotwa na ng'ombe, onyesha sehemu zake. Aliichora kutoka kwenye simu, nzuri kuliko plau halisi, akapata kumi kwa kumi. Shule yao haina shamba. Lilipokuwa shamba pamejengwa fremu za maduka. Jumamosi nikampeleka kwa jirani anayelima kwa ng'ombe, nikamwambia ashike. Akaizunguka plau mara mbili kama mtu anayenunua gari.

"Mama, hii breki yake iko wapi?"

Nikaushika mkono wake. Laini kabisa. Nilifurahi kwamba hakuteseka kama sisi, na papo hapo nikamwonea huruma, nisijue lipi nilitangulize. Nikamwambia avue viatu, tuanze kulima.