Mafiga Yaliyohamia Ng'ambo

Sikuzani binti Pazi wa Makurunge hakuwa na cheo, mali wala haya. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na mto Ruvu. Ukimuuliza kwao ni wapi, hakutaja kijiji. Alisema, "Sisi ni wa Ruvu," basi. Kando ya mto huo yalikuwepo mafiga matatu aliyopikia bibi yao wa kwanza alipofika. Kila mtoto wa ukoo alipelekwa hapo kabla ya arobaini yake, akanyunyiziwa maji ya mto na kutajwa jina ili wazee waliotangulia walisikie. Asiyetajwa, wazee hawamjui.

Masika ya mwaka 1947 mto ukafanya vituko. Ulifurika, ukakata kona, na ulipotulia mafiga yalikuwa yamebaki ng'ambo, upande wa kina Mikidadi, mtani wake wa jadi.

Mikidadi hakulaza damu. "Wazee wako wamehama!" alimpigia kelele kutoka ng'ambo. "Wamechoka na mdomo wako! Sasa ni wangu. Ukiwataka, utawagomboa kwa jogoo na shikamoo!"

Jogoo si kitu. Lakini shikamoo, kwa Mikidadi, waliyezaliwa naye msimu mmoja? Sikuzani aliapa hatavuka. Mwezi uleule akazaliwa mjukuu wake, Mwanaharusi, na bibi bado anaapa. Siku ya thelathini na tisa hofu ikamshinda. Akambeba mtoto, akakwapua jogoo, akapanda mtumbwi.

"Shikamoo," alisema, kama anayetema mbegu ya ndimu.

"Marahaba, mwanangu!" Mikidadi alicheka mpaka akashika mbavu.

Sikuzani alikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima, lakini walipofika kwenye mafiga yalimwishia yote. Matope ya mafuriko yalikuwa yameondolewa, pamefagiwa vizuri, na mtungi wa maji ya mto umejaa pembeni.

"Nani kafanya haya?"

"Nani tena? Kila asubuhi nipo hapa." Mikidadi alitazama chini. "Wazee wasipotunzwa watakukasirikia wewe. Wakikuchukua, mie nitamtania nani?"

Sikuzani alimpenda yule mzee, na hakuwahi kujua kiasi gani. Akamweka mtoto mikononi mwake.

"Mtaje wewe," alisema. "Sauti unayo."