Karatasi Nilizozika Nyuma ya Msikiti

Kazi ya kutunza vitabu vya wakfu pale Kasongo niliifanya kwa miaka mingi, na sikumbuki siku hata moja niliyoifanya bila woga. Siku hizi watu huniambia ilikuwa kazi ya raha, kukaa kivulini na kusoma. Wao hawakuwa na mchwa.

Chumba chenyewe kilikuwa ubavuni mwa msikiti. Kuta zake zilikuwa za udongo mnene, na dari pia ya udongo, ili paa la nyasi likishika moto vitabu visalimike. Ndani mlikuwa na masanduku matano. Vitabu vilikuja kutoka Unguja vichwani mwa wapagazi, vikapita Tabora, Ujiji na Kabambare, na matajiri walioviagiza waliviweka wakfu kabla ya kufa, kwa kutafuta thawabu. Yeyote aliyejua kusoma aliweza kuazima. Masharti yalikuwa mawili: awe na udhu, na aniachie kiatu kimoja. Hilo la kiatu nililianzisha mimi, baada ya mtu mmoja kuondoka na kitabu cha fikihi hadi Kabambare na kukaa nacho miezi minane. Mji mzima ulinicheka, lakini vitabu vilirudi.

Aliyenitangulia katika kazi hiyo alikuwa mwalimu wangu, mzee wa pwani. Alininunua nikiwa mtoto kutoka nchi ya Wazimba, akanifundisha kusoma na kuandika mpaka mwandiko wangu na wake haukuweza kutofautishwa. Kabla ya kufa aliniacha huru mbele ya kadhi, akanikabidhi funguo. Pamoja na funguo alinikabidhi mzigo nisioutaka. Watu walioachwa huru na mabwana zao walikuwa wakiweka karatasi zao za uhuru ndani ya vitabu vyetu. Nyumba zao ziliungua, zilivuja, ziliibiwa. Kitabu cha wakfu hakuna mwizi aliyethubutu kukigusa. Mwalimu hakuandika popote karatasi ya nani imo katika kitabu gani. Alinitajia kwa mdomo, nikashika kichwani, na kila asubuhi nikifagia niliyarudia majina yote kwa hofu ya kusahau moja.

Mwaka mmoja, mwezi wa Shaabani, mvua zilikuwa nyingi, na mchwa wakapanda kwa mguu wa sanduku la tatu. Nilipofungua kifuniko nikaona udongo mwekundu umetanda juu ya vitabu, na ndani yake kitu kinatembea. Nilishikwa na kiwewe. Nilikung'uta kitabu kimoja kimoja, nikatoa kila karatasi iliyolegea au kutafunwa, na yoyote iliyoanza kwa jina la Mungu niliitia mtungini bila kusoma mstari wa pili. Hiyo ndiyo desturi yetu. Karatasi iliyochakaa yenye jina la Mungu haitupwi jaani. Hukusanywa katika mtungi, na kabla ya Ramadhani huzikwa mahali pasipopita miguu ya watu. Kesho yake niliuzika mtungi nyuma ya msikiti, nikasoma dua, nikarudi nimeridhika na nafsi yangu.

Haikunijia kabisa kwamba karatasi ya uhuru nayo huanza kwa jina la Mungu.

Ramadhani ilikuwa haijafika katikati alipokuja mama mmoja mfinyanzi, aliyeuza vyungu karibu na soko. Aliachwa huru na mfanyabiashara wa Nyangwe, na mwandishi wa karatasi yake alikuwa mwalimu wangu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwalimu, ile karatasi yangu iko?"

"Iko, mama. Iko mu kitabu ya dua, mu sanduku ya tatu."

"Basi uitoe. Bwana yangu ya zamani amekufa kule Nyangwe. Watoto yake wanakuja kuchukua watu yake, na wanasema miye ni mutu yao."

"Wanakuja lini?"

"Ijumaa. Kadhi atatusikiliza kisha ya swala."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilimwambia aende zake kwa amani, nitaileta mwenyewe. Alipoondoka nilifungua kitabu cha dua. Mahali pa karatasi palikuwa na alama ya udongo wa mchwa, basi. Nikakumbuka mtungi, nikakaa chini pale pale kati ya masanduku.

Niliogopa kila kitu kwa pamoja. Bila karatasi ile mama angechukuliwa hadi Nyangwe, na wale vijana wangeweza kumuuza kokote kando ya mto upitao huko, asionekane tena. Na aliyemfikisha hapo ni mimi na ucha Mungu wangu wa haraka haraka. Nilifikiri kwenda kwa kadhi na kukiri. Lakini kadhi angeuliza umezika nini, ningesema sijui, sikusoma. Nani angemwachia tena mtu kama huyo funguo?

Jumatano mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, watu wakajifungia majumbani. Nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya msikiti kufukua nilichokizika kwa dua. Nilikuwa na pupa mpaka jembe likanigonga mguu. Kila nilipochimba nilisema astaghafirullahi, kisha nikachimba tena. Mtungi ulikuwa umepasuka na maji kuingia. Wino wetu ulikuwa wa masizi na utomvu wa mti, haustahimili maji. Nilitia mkono nikatoa uji wa kijivu. Niliufukia tena na kurudi ndani, nguo zimelowa, nikawa sijui kama ninacholilia ni dhambi au ni mama wa watu.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilitaja mdomo hunikauka. Kwa kisu cha kuchongea kalamu nilikata ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu cha dua, mali ya wakfu, kwa sababu karatasi mpya ingeonekana mpya. Nikaandika kama mwalimu alivyokuwa akiandika, kwa maneno yake ya kila siku. Mashahidi niliowakumbuka wote wawili walikuwa wamekufa. Niliipaka udongo wa mchwa, nikaikunja na kuikunjua mpaka ikachoka. Ilipokauka niliitazama nikaona ni mkono wa mwalimu wangu kabisa, na hilo likanitisha kuliko kufukua mtungi.

Ijumaa barazani kwa kadhi watoto wa marehemu walikuja watatu. Mkubwa wao ndiye aliyesema. Aliigeuza karatasi niliyoileta huku na huku, kisha akasema kwa upole, "Mwandishi amekufa, mashahidi wamekufa, na baba amekufa. Mbona walio hai wote ni wenye kutaka iwe kweli?"

Kadhi alikuwa mzee, macho yake yameanza ukungu. Alimpa mama karatasi ile mkononi.

"Hii ndiyo yako?"

Mama aliitazama muda mrefu, wakati hajui kusoma hata herufi moja. Nilifikiri anaitazama kwa furaha.

"Ni yangu, shehe."

Kisha kadhi akanigeukia. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kukwepa, lakini hakuyangoja. Aliagiza msahafu uletwe, akaniambia niweke mkono, niape kwamba karatasi hii niliitunza tangu mikononi mwa mwalimu. Msahafu ule niliujua; nilikuwa nimeushona mgongo wake mwenyewe. Niliweka mkono, nikaapa. Mkubwa wa vijana alinitazama mpaka nilipoketi. Kadhi akasema mama ni mtu huru.

Jumapili mama alikuja chumbani. Safari hii aliingia, akakaa juu ya sanduku, na mimi sikuweza kumkataza.

"Mwalimu, siku ile bwana aliniacha huru nilikuwa na hina mu mikono. Haikuwa imekauka. Nilishika karatasi, kidole yangu ikabaki pale chini, nyekundu. Hii haina kidole."

Aliikunjua karatasi, akanionyesha pale chini.

"Ile ya kweli iko wapi?"

Nilimweleza yote: mchwa, mtungi, mvua, kisu. Nilingoja anitukane, au asimame aende kwa kadhi. Alikuwa akisikiliza huku amekunja kitambaa cha nguo yake vidoleni. Nilipomaliza, alikiachia.

"Niko na mudogo yangu, mwanamuke, kwa wale watoto ya Nyangwe," akasema. "Umuandikie na yeye."

"Bwana alimwacha huru?"

"Hapana."

"Mama, hiyo itakuwa uongo."

"Na ile ya Ijumaa?"

Ningependa kusema niliandika kwa huruma. Niliandika kwa sababu nilimwogopa. Neno lake moja lingeninyang'anya funguo na kuniaibisha mbele ya mji mzima. Nilikata ukurasa mwingine wa wakfu. Nikaweka mwaka ule ule wa dada yake, mwandishi yule yule, na nikadai nimeikuta imenata ndani ya kitabu kile kile. Vijana wakaja tena, kadhi akaleta tena msahafu, nikaapa tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Mdogo mtu alifika Kasongo baada ya Idi. Alikuja kunishukuru, akaushika mkono wangu akitaka kuubusu, nami nikauvuta. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga amelala. Kwa ule mwaka nilioandika, mama yake alikuwa huru kabla ya kumzaa, kwa hiyo naye alikuwa amezaliwa huru. Nilipokuwa nikiandika, sikujua kama yupo.