Boksi la Picha Nilizozitupa

Niliondoka kwenye maabara kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Wengine husafiri kukimbia aibu. Mimi nilisafiri kichwa kimenivimba, na nawaambia mapema msije mkanihurumia bure.

Kazi yangu huko Ulaya ilikuwa kuhesabu mistari. Chini ya ardhi kuna bomba refu lililopindwa mpaka likawa duara. Ndani yake protoni zinakimbizwa upande huu, na antiprotoni, pacha wao wenye chaji ya kinyume, zinakimbizwa upande ule, mpaka zote zinakaribia mwendo wa mwanga. Zikigongana uso kwa uso, nguvu yao inageuka chembe mpya ambazo kabla ya hapo hazikuwapo kabisa. Chembe hizo zinatawanyika, zinapita kwenye sanduku la gesi, na kila yenye chaji inaacha mstari wa mwanga. Kamera inapiga picha. Swali letu lilikuwa moja tu: kwa wastani, mgongano mmoja unazaa chembe ngapi?

Nilikaa mezani, picha inamulikwa mbele yangu, nahesabu. Picha nyingine zilikuwa za uongo: protoni moja imejigonga kwenye hewa kidogo iliyobaki ndani ya bomba, si mgongano tunaoutaka. Hizo zilitupwa. Lakini sharti lilikuwa kwamba kabla hujaitupa, uipime kwa lenzi uone mistari yake inaanzia wapi, na kuipima picha moja ilikuwa kazi ya nusu saa. Mimi nilikuwa na jicho. Picha yenye mistari miwili mitatu nilikuwa naitambua toka mbali kwamba ni takataka, naitia kwenye boksi chini ya meza, naendelea. Msichana wa Mlalo, milimani Usambara, aliyekua akichambua matunda ya plamu, nani angemfundisha kuchambua?

Kila picha ilitolewa nakala mbili, zikahesabiwa na watu wawili wasioambizana. Mwenzangu alikuwa Tomasi, Mreno mpole mwenye koti moja la kijivu, kiangazi lile, baridi lile. Wastani wake ulitoka chini ya wangu, tukarudia, ukatoka chini tena. Profesa, mama mwenye maneno machache, akatuita ofisini akauliza kwa nini. Nikajibu bila kupepesa macho: "Tomasi anasinzia mezani." Na kweli alikuwa anasinzia siku nyingine, ana mtoto mchanga. Profesa akachukua namba yangu aende kuisoma kwenye mkutano wa wanasayansi baada ya siku kumi. Tomasi akaambiwa mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa. Mimi nikaomba likizo, nikapewa siku hiyohiyo.

Dar es Salaam niliikuta imebadilika. Nilipoondoka, kipande cha sabuni kilikuwa cha kupangia foleni. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa, sabuni zimepangwa mpaka barabarani, na kila mwenye ukuta amefungua duka. Nikamnunulia shangazi yangu Zaina kanga doti mbili na sweta la mtumba zito. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na barua yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: njoo kabla plamu hazijaisha.

Mombo tulifika saa nane mchana, jua linachoma. Kutoka pale gari lilianza kupanda kona baada ya kona, na kufika Soni watu walikuwa wameshaanza kufunga madirisha. Nilivuta hewa ile yenye harufu ya moshi wa mkaratusi nikajiona mtu. Jirani yangu kwenye kiti, mama aliyekuwa na mfuko wa mbegu za kabichi, aliniuliza nafanya kazi gani huko nilikotoka. Nikamweleza kuhusu protoni. Akasikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mwanangu, ilimradi wanakulipa." Nililala Lushoto kwa binamu.

Mlalo nilifika kesho yake adhuhuri. Shangazi alikuwa shambani, kiunoni amejifunga kanga, mkononi ana kisu cha kupogolea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mame." Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa Kishambaa, kama vile mimi ndiye mama yake. Akanigeuzageuza. "Mbona umekonda hivi? Huko hawapiki?"

"Wanapika, shangazi. Viazi."

"Viazi! Si ungebaki hapa tu, viazi tele." Akacheka mpaka akakaa chini. Jioni alinipikia bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga chungu ya mchunga, nikala mpaka nikaona haya.

Siku ya tatu asubuhi alikuja mnunuzi. Alikuwa anaitwa Bwana Shabani, mtu wa Magoma kule chini ya milima. Zamani alikuwa karani wa ushirika. Sasa ushirika umekufa naye ana lori lake mwenyewe, na tumbo la kulingana nalo. Biashara hiyo mpya ilikuwa hivi: mnunuzi anaangalia matunda yakiwa bado mitini, anakadiria yatatoka matenga mangapi, mnapatana, na siku ya kuchuma analeta gari la kutosha. Mwenye shamba akiahidi lori zima halafu lisijae, jina lake limekwisha kwa wanunuzi wote hadi Korogwe.

Tukaingia shambani sisi watatu. Shangazi alikuwa na kamba yake ya mgomba. Mnaotoka kwetu mnaijua kazi hiyo: kila mti unaoupita unapiga fundo kubwa, na baada ya fundo kubwa, mafundo madogo, moja kwa kila tenga. Bwana Shabani yeye alihesabu kwa kidole na kwa mdomo. Alisimama kwenye mti uliolemewa, akasema, "Matatu." Akafika kwenye mwingine, "Matatu haya, na zaidi." Mti usio na kitu aliupita kama mtu anayempita mdai wake. Shangazi alisimama hata pale, akapiga fundo kubwa, akaondoka.

Tulipomaliza Bwana Shabani alipiga makofi. "Bi Zaina, shamba lako Mungu kalibariki! Kila mti matenga matatu. Una miti arobaini. Nakuletea lori, na tunalijaza hapahapa."

"Hulijazi," shangazi akasema.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona uliyoipenda." Akamnyooshea kamba. "Shika. Pitisha vidole. Fundo kubwa halina watoto, ona. Na hili. Na hili. Hii miti umeiruka, halafu ulipofika kwenye kusema arobaini ukairudisha. Hapa hapatoki tenga tatu kwa mti. Mbili, na kwa taabu."

"Lakini hiyo si imekufa tu, mama? Ya nini kuihesabu?" akauliza Bwana Shabani.

"Imekufa? Ule umepata ukungu mwaka huu, mwakani unazaa. Ni mti wa shamba langu, unakunywa maji ya mfereji wangu. Ukiuliza plamu ipi iingie kwenye tenga, chambua utakavyo. Lakini ukiuliza shamba limezaaje, unahesabu miti yote. Kuchambua ni kazi moja, kuhesabu ni kazi nyingine. Leta pikapu."

Bwana Shabani alinuna, akasema kuna mashamba mengine. Shangazi akamwambia njia anaijua. Jamaa akaenda hadi kwenye mfereji, akasimama, akarudi. Wakapatana pikapu.

Mimi sikuyasikia mapatano. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta. Akilini nililiona boksi langu kule maabara, chini ya meza. Zile picha za mistari miwili mitatu. Nani aliniambia zote ni hewa ya bomba? Protoni na antiprotoni zinaweza kupigana kikumbo tu, moja ikavunjika kidogo, zikatoka chembe mbili tatu, basi. Huo nao ni mgongano. Mimi niliuona hauna kitu nikauruka, na nilipofika kwenye kusema wastani wa migongano yote, nikasema bila haya. Ndiyo maana namba yangu ilikuwa kubwa. Na Tomasi, pamoja na usingizi wake, alikuwa akizipima zile picha moja moja kwa lenzi, nusu saa kila moja. Ndiyo maana alikuwa anasinzia! Jamani, nilijichukia.

Asubuhi ile yote sikushika kazi. Mchana shangazi alipokuwa anamenya ndizi akaniuliza, "We mame, umeumwa na nyuki?"

Nikamwambia yote. Nilimweleza kwa plamu na kwa miti, maana kwa protoni ningemaliza wiki. Akasikiliza huku kisu kinatembea. Nilipofika kwa Tomasi kisu kikasimama.

"Ulisema analala?"

"Nilisema."

"Na ulikuwa unajua kwamba wewe hupimi."

Hilo sikuwa nimejiuliza. Nikajiuliza pale, mbele yake. "Nilikuwa najua, shangazi. Ila niliona sina haja."

"Na huyo mwenzio yuko wapi sasa?"

"Nadhani anafungasha. Ana mke na mtoto."

"Basi wewe unangoja nini hapa? Plamu?"

Nikamwambia naogopa. Mtu wa kwetu pale maabara nilikuwa peke yangu. Nikikiri, watasema tulimleta wa nini. Nilisema hivyo nikalia, machozi kabisa. Shangazi hakunibembeleza. Alisema, "Watasema. Hata mimi ningesema." Kisha akanifungia mabegi.

Lushoto, posta, saa nne asubuhi ya siku iliyofuata. Simu ya kuongea na Ulaya ilikuwa haipatikani tangu juzi, kwa hiyo nikaomba fomu ya simu ya maandishi. Nikaandika kwa Profesa. Niliandika kwamba picha zilikuwa nyingi na muda mfupi, kwamba nimefanya hivyo kwa nia njema, kwamba macho yangu yalizoea kuchambua toka utotoni, na kwamba namwomba aelewe. Fomu ikajaa nikaomba ya pili.

Karani, kaka mmoja mwenye tai iliyofifia, alizisoma zote mbili. "Dada," akasema kwa upole, "hii ni barua. Simu ni neno lenyewe tu. Hapa neno lenyewe ni lipi?"

Tukakaa nalo pale dirishani, watu nyuma yangu wanaguna. Nikakata nia njema. Nikakata utoto. Nikakata muda mfupi. Yalibaki haya: Hesabu yangu ina kosa. Sikupima picha za boksi. Usiisome. Tomasi alikuwa sahihi, asiondoke.

"Hiyo sasa ni simu," karani akasema, akapiga muhuri.

Jibu halikuja. Nilisubiri Lushoto siku mbili kwa binamu, kila nikipita dirishani karani anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nikashuka Mombo, nikaenda Dar, nikapanda ndege, na njia nzima sikujua ninarudi kwenye kazi au ninarudi kuchukua vitabu vyangu. Kamba ya shangazi nilikuwa nayo mfukoni. Niliiomba, akanipa akiniuliza kama huko hawana kamba.

Maabara niliingia saa mbili asubuhi, theluji kwenye viatu. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni msumari ulio nyuma ya mlango. Koti la kijivu lilikuwa limening'inia. Nikapita moja kwa moja ndani.

Tomasi alikuwa mezani kwake. Nilimsalimu, nikamwomba msamaha, na nilimwambia lile la kusinzia nalo, neno kwa neno, maana sikujua kama Profesa alimwambia. Hakuwa ameambiwa. Hakusema nimekusamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema tu, "Profesa alikwenda mkutanoni akasimama mbele ya watu bila namba. Atakuja saa nne. Hana furaha." Kisha akainama, akalivuta boksi kutoka chini ya meza yangu, akaliweka juu. "Nakala zangu nilishazipima zote. Hizi ni zako. Sijazigusa."

Mkiniuliza safari ile ilinifundisha nini, sina maneno makubwa. Nilijifunza kwamba nilikuwa hodari wa kazi ambayo sikuwa nimetumwa.

Nikavua sweta, nikawasha taa, nikatoa picha ya juu kabisa. Mistari miwili, imefifia. Nikaweka lenzi nikaanza kupima, pole pole, mstari wa kwanza, kisha wa pili, mpaka nikafika inapoanzia. Haikuanzia kwenye hewa ya bomba. Ilianzia katikati, palepale protoni na antiprotoni zinapokutana. Nusu saa ilikuwa imepita. Nikachukua kamba ya shangazi, nikapiga fundo kubwa pale mafundo yake yalipoishia, na baada yake mawili madogo.